Jumapili Sakafu ya Kuchera Ilipohubiri

Usinikunjie uso kabla sijafungua kinywa. Uso huo naujua. Ndio wanaonionyesha wajukuu zangu nikiwaambia kwamba hapa Lipnik, kijiji ambacho watoto wake hawajazi basi moja la shule, palikuwa na ukumbi ambao watu walisafiri maili sitini kuufuata. Usipoamini, shauri yako. Ukumbi wa Kuchera ulisimama miaka thelathini na mmoja, Jumamosi dansi, Jumapili viatu vya magurudumu, juu ya sakafu moja ileile, na haukuhitaji kuaminiwa na mtu ili usimame. Mimi nilikuwepo, kwa macho yangu mawili na magoti yangu mawili. Kwa hiyo kaa, unyamaze, usikie lililotokea Februari hii.

Majira ya baridi kijiwe chetu huhamia ndani, kwenye chumba cha mzani nyuma ya ghala la mahindi, maana pana jiko, na pana birika kubwa la kahawa ambalo mwenye ghala hulijaza mara moja asubuhi na hajazi tena hata ulie. Benchi letu lilitoka Ukumbi wa Kuchera. Watu walikuwa wakikaa hapo kufunga viatu vya magurudumu, na ukipitisha kidole ukingoni utagusa makovu ya funguo za kukazia. Siku hizi limezeeka na wanaume watatu. Wa kwanza ni Breki, shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Jina alilipata kwa sababu kwenye magurudumu hakuwahi kuwa nayo. Wa pili ni Hakimu, aliyewahi kuitwa mahakamani kusikiliza kesi ya wizi wa ndama kwa siku kumi na moja, na tangu hapo anatoa hukumu bure. Wa tatu ni Tarumbeta, aliyepuliza hiyo tarumbeta kwenye bendi ya ukumbi hadi meno yakamwishia. Mimi hukaa mwisho, karibu na mlango, na bakuli la kolache, vile vimkate vitamu vya kwetu, nilizozioka mwenyewe, za plamu. Hawanipendi, ila wanazipenda kolache.

Siku hiyo walikuwa na sababu ya kubishana. Theluji ilipouangusha ukumbi mwaka hamsini na saba, Breki alizinunua mbao za sakafu ajengee banda la nguruwe. Akaenda na msumeno, akarudi na msumeno. Hakukata hata ubao mmoja. Alizing'oa kwa mkono, akaziandika namba kwa chaki ya buluu moja moja, akazipanga ghalani kwake, na nguruwe wakaendelea kulala kwenye matope. Sasa paa la ghala hilo linavuja. Bwana mmoja wa mjini Omaha alikuwa anakuja na lori saa sita mchana kuzichukua akatengeneze meza za mahoteli. Halmashauri ya kijiji nayo ilikuwa imesema iko tayari kutoa nyumba ya zamani ya zimamoto, sakafu itandikwe tena humo, watoto wapate pa kuteleza kwa magurudumu na wazee pa kucheza dansi, kwa sharti moja: fundi wa sakafu, Dale Whitcomb, akubali kwamba sakafu moja inaweza kazi zote mbili. Fundi alikuwa njiani. Ilikuwa saa tano kasoro.

— Atakubali tu, akasema Tarumbeta. Akisikia habari za zile springi, atakubali.

— Springi gani? akauliza Breki.

— Chini ya sakafu. Springi za mabehewa ya treni. Kuchera mzee alizipata kwa watu wa reli. Ndiyo maana ulikuwa ukicheza polka mpaka kumekucha na asubuhi unakwenda kukamua ng'ombe kama umelala.

— Wewe ulikuwa umekaa jukwaani, nikamwambia. Miguu yako ingechokaje?

— Hedvika, mimi naongea kama mwanamuziki.

— Acheni springi, akasema Hakimu, akijisogezea birika. Mbao zile nimezing'oa pamoja na Breki, springi hatukuona. Tulichokiona ni mifupa. Vichwa vya farasi, tisa, vimefukiwa chini ya sakafu, pua zikielekea mashariki. Wazee wetu walikuja na mambo hayo kutoka ng'ambo. Kichwa cha farasi kinaipa sakafu sauti na mwendo. Ndiyo maana wahenga wakasema, samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki ameingiaje kwenye farasi?

— Maana yake wanyama wote ni wamoja.

— Tuliona kichwa kimoja, akasema Breki taratibu. Na kilikuwa cha mbwa.

— Uliona wewe. Mimi nilitazama kwa macho ya mahakama.

Breki alikuwa akiuzungusha mkononi ufunguo wa ghala lake, ufunguo mrefu wa chuma, na kila baada ya dakika mbili anatazama saa ya ukutani. Watu humcheka shemeji yangu, hata mimi. Lakini nimewahi kumkuta ghalani peke yake akizifunika zile mbao kwa blanketi la kitanda chake, mvua inapiga. Mtu wa hivyo humwambii neno siku kama ile.

Whitcomb akaingia akipangusa theluji mabegani. Kijana wa miaka arobaini hivi, mikono mipana, wa kusini huko, hana asili yetu. Alivua kofia kwanza, nikampa kolache.

— Mbao nimezipitia ghalani asubuhi, akasema. Sijawahi kuona kazi kama ile. Mbao ngumu za kaskazini, zimepangwa kuzunguka pembe kufuata mwendo wa watu. Aliyezitandika alikuwa na akili, na aliyezing'oa alikuwa na subira.

Breki akainamisha kichwa kwenye kahawa yake.

— Lakini mbao si shida, wazee wangu. Sakafu ya dansi inataka kuteleza. Unaitia nta, mama anazunguka, viatu havishiki. Sakafu ya magurudumu inataka kushika. Ikiteleza, mtu anaenda chini na nyonga yake. Nimetandika sakafu ishirini na sita. Waliotaka kuzichanganya nimewaona mwisho wao. Sasa ninyi mmefanya Jumamosi na Jumapili, miaka thelathini na mmoja. Mliwezaje?

— Springi, akasema Tarumbeta.

— Farasi, akasema Hakimu.

— Watu walikuwa wanaanguka?

— Hakuna aliyeanguka kamwe, akasema Hakimu. Naapa, na mimi kiapo nakijua.

— Hata mmoja?

Tarumbeta akakohoa. Breki akasema, akitazama chini:

— Isipokuwa ile Jumapili.

Basi ikabidi wamwambie. Oktoba, mwaka arobaini na tisa. Saa saba mchana, milango imefunguliwa, watu wametoka kanisani wamekula, kodiani inalia, filimbi ikapulizwa, mzunguko wa kwanza ukaanza. Breki mbele, ana miaka ishirini na minne na nywele zake zote. Nyuma yake Padri Zelenka, kanzu ameichomeka mshipini, maana padri huyo alikuwa haikosi Jumapili. Hawakumaliza pembe ya pili. Breki alikwenda na miguu hewani, akadaka mshipi wa padri, padri akadaka dada wawili wa familia ya Hruska, na kutoka hapo ikawa kama uzio unaoanguka nguzo kwa nguzo. Watu arobaini na wawili chini. Mfupa haukuvunjika hata mmoja, jino moja tu la Breki, na kutokana na lundo lile zilitoka ndoa tatu. Miaka thelathini na tisa sasa, na kila majira ya baridi wanalijadili kana kwamba limetokea jana.

— Ilikuwa treni, akasema Tarumbeta. Treni ya ng'ombe, mabehewa themanini, ilipita saa hiyohiyo. Chuma kinasikia chuma. Springi zikaitika.

— Treni Jumapili hazikuwa zinapita, akasema Hakimu. Unatupiga kamba. Ukweli ni kwamba kichwa kimoja cha farasi kilipasuka. Kuchera alikuwa amenunua trekta wiki ileile, akamuuza farasi wake wa mwisho. Farasi wa chini wakajua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu ni nani hapo? nikauliza.

— Farasi.

— Endelea kunywa.

— Ninyi wote hamjui, akasema Breki, na hapo nikashangaa, maana yeye kwa kawaida hatungi. Mwaka ule Warusi walilipua bomu lao kubwa la kwanza. Magazeti yaliandika mwezi ule wa tisa. Mtikisiko unapita chini ya ardhi, unatembea polepole, unafika huku Oktoba. Sisi tulikuwa tumesimama juu ya magurudumu. Angesimama juu ya miguu, mtu asingehisi kitu.

— Mtikisiko wa Warusi, nikasema. Umekuja kutoka ng'ambo yote hiyo kukuvunja jino wewe.

— Shemeji, wewe hukuwemo kwenye mzunguko. Ungeusikia.

Hapo alisema kweli. Mzungukoni sikuwemo.

Whitcomb alikuwa amesikiliza yote hayo bila kucheka, jambo ambalo nilimhesabia kuwa jema. Aliweka kikombe chini.

— Naomba niulize kitu kimoja, wazee wangu. Huyo aliyekuwa akiitengeneza sakafu, akiitoa kwenye dansi kuipeleka kwenye magurudumu, ni nani? Na Jumapili hiyo alikuwa wapi?

Nilikuwa nikiwaona wakitafuta, kila mmoja kichwani mwake, kama mtu anayetafuta miwani na anajua aliiacha mahali fulani.

— Kuchera mwenyewe, akasema Hakimu mwishowe.

— Kuchera Jumapili asubuhi alikuwa anaimba besi kanisani, akasema Breki. Misa zote mbili.

— Basi wafanyakazi.

— Wafanyakazi gani? Sote tulikuwa kanisani.

— Labda, akasema Hakimu, na sauti ya mahakama ikampungukia, labda ilikuwa inajitengeneza yenyewe.

Whitcomb akatikisa kichwa, akachukua kofia.

— Wazee wangu, mtanisamehe. Sakafu haijitengenezi. Kama hakuna anayejua ilivyofanywa, siwezi kuweka jina langu. Nitatandika, mwezi wa kwanza mtafurahi, mwezi wa pili mtoto wa mtu atavunjika. Nitawaambia halmashauri hapana.

Kwa nje tukasikia lori likipinda kuingia uwanjani, mapema kabla ya saa yake. Breki aliufunika ufunguo kwa viganja vyote viwili.

— Alikuwa kanisani, nikasema.

Wote wakageuka.

— Nani? akauliza Whitcomb.

— Blazena. Mke wa Kuchera. Na mimi.

Kofia yake ikabaki hewani. Nikamwonyesha benchi, akakaa. Kisha nikasema, nikimtazama yeye si wao, maana wao nimewatazama vya kutosha.

Blazena Kuchera alikuwa mwanamke mwembamba, haongei, na hakuwahi kucheza dansi hata moja kwenye ukumbi wa mume wake. Jumamosi jioni aliitia sakafu nta, aliyoikwangua kwa kisu cha jikoni mpaka ikawa kama theluji. Jumapili alfajiri aliitoa. Peke yake miaka ya mwanzo, kisha pamoja na mimi, maana nilikuwa mjane kijana na nilitaka kazi isiyo na maneno mengi. Kengele ya misa ya kwanza ilitukuta magotini upande wa jukwaa. Ya misa ya pili ilitukuta magotini upande wa mlango. Watu walipotoka kanisani, sisi tulikuwa tunaanika matambara. Kijiji kikaona viti vyetu kanisani viko vitupu, kikajua la kusema. Mke wa Kuchera hana dini. Mke wa Kuchera amempotosha na yule mjane. Mama yako, Lada, nikamwambia Hakimu kwa jina lake, alikuwa anavuka barabara asikutane nasi.

Hakimu akajisogezea birika.

— Oktoba ile Padri Zelenka akahubiri juu yetu, nikaendelea. Hakututaja, lakini vidole vya watu havikuhitaji majina. Blazena akasikia. Jumamosi ile akatia nta kama kawaida. Jumapili asubuhi akaja kwangu amevaa kofia. Akasema, Hedvika, vaa, tunakwenda kanisani. Nikamwuliza, na sakafu? Akasema, leo sakafu itahubiri yenyewe.

Tarumbeta akaanza kucheka, akaacha, akaziba mdomo.

— Tulikaa safu ya pili. Kila mtu alifurahi. Padri alitupa mkono mlangoni. Wewe, Lada, ulinipa kitabu chako cha nyimbo. Hakuna mtu, hata mmoja, aliyeuliza tumepataje nafasi.

— Saa saba mkafungua milango, akasema Whitcomb polepole, na nta ya Jumamosi iko palepale.

— Ikang'aa kama sahani.

— Na hukusema, akasema Breki. Miaka thelathini na tisa, shemeji. Mimi nawalaumu Warusi, na wewe umekaa hapo unatafuna kolache.

— Hamkuuliza. Mliulizana ninyi kwa ninyi.

— Na padri? akauliza Hakimu.

— Padri alikuwa na akili kuliko benchi hili. Jumapili iliyofuata, kabla ya misa ya kwanza, alikuja ukumbini na komunyo. Akavua viatu mlangoni, akatembea kwa soksi hadi tulipokuwa, akapiga magoti palepale kwenye maji yetu ya magadi. Akaja hivyo kila Jumapili hadi alipohamishwa. Hakumwambia mtu, na sisi hatukumwambia mtu. Blazena alikufa kabla ya ukumbi, na katika mazishi yake watu walimsifu kwa keki zake.

Whitcomb alikuwa ametoa penseli. Alitafuta karatasi, akaishia kuchukua mfuko mtupu wa mbegu uliokuwa sakafuni, akaugeuza upande mweupe.

— Niambie, mama.

Nikamwambia. Unga wa mbao uliolowanishwa kidogo, unaumwaga, unaufagia kufuata urefu wa ubao, si kuukatiza, mara mbili. Maji ya moto na magadi, tambara unalikamua mpaka halitoi tone, maana maji yakiingia kwenye viungo umeua sakafu. Unaacha milango wazi saa moja, hata kama kuna barafu. Kisha utomvu mkavu wa msonobari, ule wa wapiga fidla, unautwanga na chaki, unautia kwenye soksi ndefu iliyozeeka na unatembea ukiitikisa. Soksi ndiyo inayopima. Mkono ukipima, utazidisha.

— Utajuaje imetosha?

— Unavua viatu, unakimbia kutoka upande wa jukwaa, unajiachia. Jumamosi lazima ufike mlangoni bila kunyanyua mguu. Jumapili lazima ukwame kwenye hatua ya tatu. Blazena alikuwa akijaribu mwenyewe, na nywele zake zikifunguka. Hiyo ndiyo dansi yake aliyoicheza pale, mara mbili kwa wiki, na mtazamaji nilikuwa mimi tu.

Whitcomb aliandika hata hilo. Kisha akaukunja mfuko, akautia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

— Inawezekana, akasema. Nitawaambia halmashauri inawezekana. Lakini nani ataifanya? Una miaka mingapi, mama?

— Sabini na mitatu. Mimi nitakaa kwenye kiti. Magoti yatakuwa ya hawa.

Wanaume watatu wakatazama magoti yao kana kwamba wamepewa siku hiyo.

— Jumapili asubuhi? akasema Hakimu. Na kanisa je? Watu watatuonaje?

— Watawaona kama walivyotuona sisi. Mtazoea. Mgawane zamu, na padri huyu mpya akianza kuhubiri, mpelekeeni viatu vya magurudumu.

— Mvumilivu hula mbivu, akasema Tarumbeta, akiinama kulishika goti lake la kushoto.

Ilikuwa mara ya kwanza majira hayo methali kutua mahali pake kwenye benchi lile, na Hakimu akamtazama kwa wivu. Breki aliinamisha birika juu ya kikombe chake. Likatoa matone matatu na mashapo.

Honi ya lori ikalia nje. Mara moja, kisha mara mbili, kwa namna ya mtu wa mjini. Breki akainuka nusu, akakaa tena. Alitazama dirishani, akanitazama mimi.

— Nimeshampa neno langu yule bwana, akasema. Nimwambie nini?

— Ulimpa neno gani?

— Kwamba aje azione.

— Basi ameliona ghala akipita barabarani. Inatosha.

— Shemeji, mimi sijui kukataa watu. Unanijua. Nikianza sisimami.

Nilivaa koti. Nilifunga kitambaa cha kichwa, nikachukua bakuli langu, maana nikiliacha pale hulikuta limelambwa. Kisha nikamnyooshea mkono, kiganja juu. Alikitazama hadi honi ikalia tena. Halafu akauweka ufunguo wa ghala kiganjani mwangu, na vidole vyangu akavifunga yeye mwenyewe, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akizipanga zile mbao.

— Mwambie fundi namba ziko upande wa chini, akasema. Asije akazipindua.

— Mwambie wewe, yuko hapo mbele yako.

Baridi ilikuwa inaingia. Nikatoka kumrudisha mwenye lori, nikafunga mlango.